Mama anataka kuuza michungwa ya baba ili mkono wangu upone

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni fundi seremala, nina miaka 34, naishi Tanga mjini na mke wangu na watoto wawili. Naandika kwa simu kwa mkono wa kushoto, hivyo unisamehe nikikosea herufi. Wa kulia ndio ulionileta kwako.

Mwaka jana mwezi wa pili nilipanda bodaboda nikitoka Pongwe kupima milango ya mteja. Mbuzi akakatiza, tukaishia mtaroni. Mfupa wa kati ya bega na kiwiko ukavunjika. Hospitali walinipiga picha, wakanifunga hogo, wakaniambia kiganja changu kimelegea lakini huenda kikarudi chenyewe, nihudhurie kliniki baada ya wiki tatu. Sikurudi. Mama alikuja kunichukua akanipeleka Muheza kwa mzee anayeunga mifupa, yule yule aliyemtibu marehemu baba mguu miaka ya tisini akapona. Nilikaa kwake miezi mitano. Mfupa uliunga, sina neno. Ila kiganja kilibaki kinaning'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Nikishika nyundo inaanguka. Kupiga randa siwezi. Kijana wangu wa kazi ndiye anayefanya, mimi nimekuwa msimamizi wa kusema "hapo hapajanyooka".

Nilihangaika na mazoezi, halafu nikatumwa hospitali kubwa Dar. Mwezi wa tatu mwaka huu wakanipima kwa sindano na umeme. Daktari akasema mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya ule mfupa haujafufuka, na muda wa kuuunga kwa faida umeshapita. Akashauri upasuaji wa kuhamisha kano: wachukue kano za misuli inayokunja, wazishonee kwenye zile zinazonyanyua kiganja na vidole. Mke wangu alifurahi, bima yake ingelipia sehemu kubwa. Mimi sikulala. Niliona wanataka kukata hata kidogo kilichobaki kizima. Na nikikubali, si ndiyo nimeshakubali kuwa kilema?

Basi binamu yangu akanipa namba ya wakala anayepeleka wagonjwa nje ya nchi. Akanitumia video kwenye WhatsApp, mtu wa kiti cha magurudumu anainuka na kutembea. Anasema kuna tiba ya seli shina: wanakutoa mafuta tumboni, wanachuja seli, wanakurudishia kwa dripu na sindano za begani, mshipa unaota upya. Bei ni dola 9,000 pamoja na tiketi. Nafasi za bei hiyo zimebaki mbili, mwisho wa mwezi huu.

Mama aliposikia alisema atauza shamba. Ni ekari mbili za michungwa alizoacha baba, na ndiyo mama anakula hapo. Mteja amepatikana na ameshaacha arubuni ya laki tano. Mke wangu anasema huo ni wizi wa mchana na shamba likiuzwa yeye hatakuwepo kushuhudia. Mama anasema mke wangu hataki nipone. Hawasalimiani wiki ya tatu sasa.

Usiku wakilala wote huwa najaribu kunyanyua kiganja gizani. Mara nyingine nahisi kama kimecheza. Nikiwasha taa sioni kitu.

Nimwache mama auze? Au nikatae, nionekane nimekataa kupona?

Fundi wa mkono mmoja, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ajali, na pole zaidi kwa hizo wiki tatu za watu wawili unaowapenda kupishana mlangoni kama wageni.

Nikwambie mapema: mimi si daktari, na mkono wako sijauona. Nilikuwa muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa wodi ya mifupa. Yatakayofuata ni ya mtu aliyefunga na kufungua hogo nyingi, na aliyesoma kidogo kuhusu hizo seli kwa sababu barua kama yako si ya kwanza kunifikia.

Wewe umeniuliza swali moja, shamba liuzwe au lisiuzwe. Mimi kwenye barua yako nimeona mambo matatu yamefungwa kitita kimoja: mkono, tiba unayouziwa, na mama. Tuyafungue taratibu, tuanze na mkono.

Chukua ule wa kushoto, mzima. Acha kiganja kining'inie chini kama cha kulia kilivyo, halafu jaribu kufumba ngumi kwa nguvu zako zote. Sasa nyanyua kiganja juu, ufumbe tena. Umeona tofauti? Misuli inayofumba vidole inahitaji kiganja kiwe kimenyanyuka ndipo ipate pa kuvutia. Kwa hiyo nyundo yako haianguki kwa sababu vidole vimekufa. Inaanguka kwa sababu hakuna anayeshikilia kifundo cha mkono. Misuli yako ya kukunja ni mizima, inapata amri kupitia neva, yaani mshipa wa fahamu, nyingine kabisa, tena kwenye kazi ya kukunja kifundo upo zaidi ya mmoja. Ndiyo maana daktari alithubutu kusema tuazime hapa tupeleke pale. Wewe ulisikia anataka kukata kilichobaki. Ningekuomba ulisikie tena hilo neno, safari hii kama fundi anayetoa ubao mahali penye mbao mbili ili azibe penye pengo.

Sasa neva yenyewe. Mwaka 1850 Mwingereza mmoja, Augustus Waller, alikata neva za ulimi wa chura akatazama kinachotokea. Aliona kipande kilichotengwa na ubongo kinakufa chote, mpaka mwisho wake. Lakini kwenye mikono na miguu mambo hayaishii hapo. Zipo seli zinazoishi kando ya neva, zinaitwa seli za Schwann. Neva ikifa, zenyewe hubaki, husafisha mabaki, kisha hujipanga mstari kama watu walioshika kamba kuonyesha njia, na uzi mpya huota kuwafuata. Huota polepole, karibu milimita 1 kwa siku. Chukua futi yako ukapime kutoka mfupa ulipovunjika hadi misuli iliyo chini kidogo ya kiwiko, upande wa nyuma. Ndiyo maana kwa jeraha kama lako dalili za kwanza hutarajiwa ndani ya miezi michache, mara nyingi kabla ya mwezi wa sita.

Na huko mwisho wa safari misuli haikai inasubiri milele. Msuli usiopata amri husinyaa, na baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu huwa umeanza kugeuka nyuzi na mafuta, mahali pa kupokelea neva pameharibika. Wewe uko mwezi wa 16. Ukiniuliza swali ambalo ningetaka umpelekee wakala, ni hili: tuseme seli zako zimefanya kazi na neva imeota leo hii, ikifika itamkuta nani?

Sisemi kwamba seli shina ni uongo. Ni seli ambazo bado hazijachagua kazi, au zimechagua nusu tu. Tiba ya kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, ni tiba ya seli shina za damu, na Mmarekani E. Donnall Thomas alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kuijenga. Hapa kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kwa hiyo mtu akikwambia seli shina zinaponya, hajadanganya. Muulize tu zinaponya nini.

Kwa neva za mikono na miguu, kazi kubwa bado iko maabara. Wanasayansi huchukua panya, humkata neva kubwa ya mguu, huacha pengo la kama milimita 10, kisha huliunganisha kwa kijibomba kilichowekwa seli kutoka kwenye mafuta au uloto. Panya wengi hupata nafuu kuliko wale wa kijibomba kitupu. Wala si kwamba hizo seli zinageuka neva. Faida yake kubwa ni kutoa vichocheo vinavyozitia nguvu seli za Schwann, kama mama ntilie anayewapikia mafundi bila kushika msumeno. Inatia moyo, na mimi naifuatilia. Lakini angalia ilivyofanyika: seli zinawekwa palepale kwenye jeraha, wakati wa kushona, mapema. Kwa binadamu majaribio bado ni machache na madogo. Wewe unaambiwa dripu. Seli za namna hiyo zikiingizwa kwenye mshipa wa damu, nyingi hunaswa kwenye mapafu, kwa kuwa ndilo chujio la kwanza wanalokutana nalo. Kutoka kwenye mapafu hadi kwenye mfupa wako ni mbali, mwanangu.

Na yule wa kwenye video aliyeinuka kwenye kiti? Mtu wa kiti cha magurudumu mara nyingi tatizo lake liko kwenye uti wa mgongo au ubongo. Hata kama alitembea kweli, hilo halisemi chochote kuhusu neva ya mkono.

Kuhusu hatari, watu husema "ni seli zako mwenyewe, zitakudhuru nini?" Mwaka 2014 madaktari waliandika habari za mwanamke mmoja aliyepooza, akapandikizwa kwenye uti wa mgongo seli zilizotoka ndani ya pua yake mwenyewe. Miaka minane baadaye alianza kuumwa mgongo. Walipompasua wakakuta uvimbe wenye nyama ya pua, unatoa ute kama kamasi. Zilikuwa seli zake, zimeendelea na kazi waliyoizoea, mahali pasipo pake. Na mwaka 2017 ikaripotiwa wanawake watatu kule Florida, Marekani, waliodungwa machoni seli za mafuta yao wenyewe wakiwa wamelipa dola 5,000. Walikuwa wanaona, ingawa kwa shida. Walitoka vipofu au karibu na upofu. Sindano ya begani si ya jichoni, najua. Nimekutajia ili ukimuuliza wakala madhara akajibu hakuna, ujue unazungumza na muuzaji.

Yapo na maswali mengine ya kumpa, na uyaandike ili ajibu kwa maandishi. Je, wana mgonjwa hata mmoja mwenye neva hii, iliyokaa miezi 16, aliyepimwa kwa umeme kabla na baada? Nikirudi Tanga bega likavimba usaha, nani atanitibu na kwa fedha ya nani? Kama huu ni utafiti, mbona nalipa? Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa bei ya kiwanja.

Kitu kingine kilichonishtua kwenye barua yako ni haraka. Nafasi mbili. Mwisho wa mwezi. Arubuni. Kila mtu anakukimbiza, na nadhani umechanganya saa za watu tofauti. Saa ya neva ilikuwepo kweli, ilikuwa inakimbia mwaka jana wakati hakuna aliyekwambia, na sasa imekaribia kusimama. Saa ya wakala ni ya kwake, inafuata mfuko wake. Upasuaji wa kano ndio hauna saa kali hivyo: unaweza kufanyika hata baada ya miaka, almuradi viungo vya vidole na kifundo vimebaki laini. Kwa hiyo hata ukiamua kungoja mwaka mzima usikie sayansi inasema nini, mlango huo haufungwi, ila ukiacha vidole vikakauka. Je, umepewa gango la kunyanyulia kiganja? Hukulitaja. Kama huna, liulizie mazoezini. Lenyewe tu linaweza kukurudishia sehemu ya mshiko wakati unafikiri, na hakuna anayehitaji kuuza kitu.

Kano nazo nisikupambie. Upasuaji huu ni wa zamani: Robert Jones wa Liverpool aliuendeleza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari walipokuwa wanarudi na mikono kama wako. Kwa kawaida msuli mmoja unaogeuza mkono hupelekwa kunyanyua kifundo, mwingine unafungua vidole, na mwembamba mmoja unalifungua gumba. Utakaa na hogo kama wiki nne, halafu miezi ya mazoezi, kwa sababu ubongo inabidi ujifunze kutumia mkunjaji kama mnyanyuaji. Wengine mshono hunata, wengine hulegea. Nguvu haitakuwa ya mwanzo, na kunyoosha kifundo na vidole vyote kwa pamoja mpaka mwisho huenda kusiwezekane. Ila watu wengi hurudi kushika kikombe, ufunguo, na ndiyo, nyundo. Kama utarudi kupiga randa ya mninga siku nzima, hilo nisikuahidi. Muulize daktari hasa hivyo, kwa majina ya zana zako: randa, patasi, msumeno. Asikujibu "utafanya kazi ndogo ndogo". Muulize pia kama kano ya kifundo anaweza kuishonea ubavuni bila kuikata ile ya zamani. Wapo wanaofanya hivyo, na kwa mtu anayeogopa kufunga mlango, nahisi jibu lake litakusaidia kulala.

Na kile kinachocheza gizani, usikidharau wala usikiabudu. Kiseme. Daktari anaweza kukugonga-gonga kwa kidole kufuata njia ya neva aone kama ganzi inaruka mpaka mkononi, na kile kipimo cha umeme kinaweza kurudiwa. Miezi mitatu imepita tangu cha kwanza. Kama kuna uzi umefika, kitaonyesha. Kama hakuna, utakuwa umesikia jibu mchana, taa ikiwa imewaka.

Neno "kilema" nilikuwa nimelipita, limenirudisha. Mwanangu, kwa sasa unashikia kijiko mkono wa kushoto na nyundo inaanguka. Sijui kwa nini kuutengeneza mkono kuwe ndiko kukubali ulemavu, na kuuacha hivyo kuwe ndiko kuukataa. Labda ipo sababu hujaiandika. Itafute.

Sasa mama. Nisome polepole hapa. Nani alikuja kukuchukua hospitali akakupeleka Muheza? Wewe umeandika bila kumlaumu, na nakusifu kwa hilo. Lakini yeye amesikia daktari akisema muda umepita. Amehesabu miezi mitano. Mimi naona, na huenda nakosea, kwamba mama hanunui seli. Analipa deni ambalo hakuna aliyemdai. Ndiyo maana mke wako akisema "ni wizi" mama anasikia "ni wewe uliyemharibu". Mkiendelea kubishana kuhusu sindano hamtafika popote, kwa sababu ugomvi haupo kwenye sindano.

Ungeweza kumwambia lililo kweli. Kwenye mivunjiko ya mfupa huo, neva iliyolegea hupona yenyewe kwa watu kama saba kati ya kumi, hata zaidi, na hospitalini pia mwanzoni wangekwambia ngoja. Sitakwambia kwamba miezi mitano haikugharimu kitu. Karibu na mwezi wa nne au wa tano wangeanza kuuliza maswali, na ungekuwa na nafasi ambayo leo huna. Lakini hakukupeleka kwa mchawi. Alikupeleka kwa mtu aliyempa mumewe mguu wake. Mwambie hivyo kwa maneno yako, mkiwa wawili, na si siku ya kuzungumzia shamba.

Akishasikia hayo bado anaweza kutaka kutoa kitu, na wewe utajua kama unaweza kukipokea. Muheza watu huuza machungwa yakiwa bado mtini, msimu mmoja, shamba likabaki. Madalali huminya bei, najua, na msimu ukiwa mbaya itaumiza. Ila fedha ya msimu mmoja ingeweza kukusitiri ile miezi ya hogo na mazoezi ambayo huingizi kitu, maana bima hailishi watoto. Au ukaamua kuchukua yote na kwenda huko nje, ni mkono wako. Kama ndivyo, nenda umejibiwa yale maswali kwa maandishi, na mama ajue atakula nini mwakani kabla hajatia sahihi. Na huyo mnunuzi, muulize arubuni yake inarudishika mpaka lini. Hilo ndilo pekee ningelifanya wiki hii.

Kipimo cha pili ukikipangia tarehe, usiende na mkeo peke yake. Mchukue na mama. Akae kiti cha karibu na daktari, na swali la kwanza aulize yeye.